Nikeli ya Kabanga na Nyuzi za Gesi

Nikeli iliyolala chini ya vilima vya Kabanga, wilayani Ngara, si mzaliwa wa Ngara. Miamba inayoibeba ina umri wa kama miaka bilioni 1.4, na wanajiolojia huifuatilia kutoka Kabanga hadi Musongati upande wa Burundi, kwani uji wa moto uliopanda kutoka tumboni mwa dunia wakati huo haukuwa na habari za mpaka wala za forodha. Lakini huo ni umri wa mwamba. Chembe za nikeli zenyewe ni kongwe kuliko mwamba, kuliko dunia, kuliko Jua na miaka yake bilioni 4.6. Ziliundwa katika nyota zilizokwisha kufa kabla Jua halijawaka, na nyingi katika hizo zilikuwa nyota kubwa, zenye uzito wa Jua mara nane na kuendelea. Ukirudi nyuma hatua moja zaidi, kabla ya nyota hizo, unakuta gesi baridi imejipanga gizani katika nyuzi ndefu.

Nataka kuufuata uzi huo hadi mwisho wake wa huku kwetu, Ngara na Biharamulo, kisha niulize swali ambalo wengi hudhani limekwisha kujibiwa: habari hii ikishajulikana, inatupa nini? Mtu wa Rulenge au wa Nyakanazi inampa maana gani ambayo hakuwa nayo jana? Tuanze na habari yenyewe, maana ni tamu na haijasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili.

Mei 2009 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha darubini iitwayo Herschel, yenye kioo cha upana wa mita 3.5. Haikuundwa kwa ajili ya mwanga tunaouona kwa macho. Kazi yake ilikuwa kupokea joto hafifu la vumbi lililochanganyika na gesi kati ya nyota na nyota, na iliifanya hadi Aprili 2013, heli ya kuipooza ilipokwisha. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona nyuzi hapa na pale katika mawingu ya gesi. Herschel ikawaonyesha kwamba zimo karibu katika kila wingu walilolitazama, hata yale ambayo hayajaanza kuzaa nyota hata moja. Jambo hilo la mwisho ndilo zito, kwa sababu linapanga matukio: uzi hutangulia, nyota hufuata. Katika mawingu ya jirani nyuzi nyingi zilionekana kuwa na upana unaokaribiana, kama theluthi moja ya mwaka wa nuru, na mwaka mmoja wa nuru ni umbali wa kilomita trilioni 9.5 hivi. Kwa nini upana huo, bado wanabishana, na wapo wanaosema ukaribiano huo ni wa darubini zaidi kuliko wa gesi yenyewe.

Uzi wenyewe ni haidrojeni kwa sehemu kubwa, heli kiasi, na vumbi laini ambalo ni asilimia moja hivi ya uzito wote. Baridi yake ni kama digrii 260 chini ya sifuri. Katika sentimita moja ya ujazo mna molekuli elfu kadhaa, pengine makumi ya maelfu, ambapo ujazo huohuo wa hewa tunayovuta una molekuli bilioni kwa mabilioni. Mtu angeweza kusafiri ndani ya uzi huo maisha yake yote asijue kwamba yumo ndani ya kitu. Ni urefu wake tu, miaka mingi ya nuru, unaofanya kile ambacho hakikaribii kuwa chochote kiwe na uzito wa Jua mara mamia au maelfu.

Kinachousokota ni mchanganyiko wa mambo. Nyota za zamani zilizolipuka husukuma gesi, mawimbi hugongana, gesi hubanwa ikawa tabaka, tabaka nazo huvunjika zikawa nyuzi. Usumaku huielekeza, na uvutano humalizia. Ikifika hatua uzi ukabeba zaidi ya uzito wa kama Jua tano kwa kila mwaka mmoja wa nuru wa urefu wake, joto dogo lililomo haliwezi tena kuushikilia. Hukatika vinundu vinundu, na kinundu chaweza kuwa nyota.

Nyota za kawaida, za aina ya Jua letu, huzaliwa hivyo mahali popote kwenye uzi. Kubwa zina mahali pake. Mwaka 2009 Philip Myers, mtaalamu wa anga wa Marekani, aliandika juu ya umbo ambalo alilikuta likijirudia: nyuzi kadhaa zinazokutana kwenye kitovu kimoja, na kitovuni kundi la nyota changa. Mwaka 2013 watafiti waliotumia ALMA, mkusanyiko wa antena 66 uliopo kama mita 5,000 juu ya usawa wa bahari katika jangwa la Atacama nchini Chile, walitangaza walichokiona kwenye wingu liitwalo SDC335, lililo umbali wa kama miaka 11,000 ya nuru. Nyuzi zinamimina gesi kuelekea katikati, na pale katikati kuna rundo moja lenye uzito wa Jua zaidi ya mara 500. Halijawa nyota bado. Linakula.

Mtu wa Ngara hahitaji picha ya kutoka Chile ili aelewe umbo hilo. Mto Ruvubu unatoka Burundi, Kagera unakuja na maji ya Rwanda, inakutana kidogo tu juu ya maporomoko ya Rusumo. Ukiufuata kila mmoja kuelekea chanzo, unagawanyika vijito, vijito vinakuwa chemchemi, na chemchemi hatimaye ni unyevu tu kwenye ubavu wa kilima ambao hata mbuzi haoni haja ya kuuruka. Pale mito hiyo inapokutana ndipo panapopatikana nguvu ya megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu. Hakuna tone lililotoka Burundi kwa nia ya kuwasha taa Ngara. Kila tone liliteremka kwa sababu chini palikuwa chini. Gesi nayo ni hivyo: inakwenda kitovuni kwa sababu kitovu kinavuta, na kinavuta kwa sababu ya gesi iliyotangulia kufika.

Kwa miaka mingi wataalamu wamekuwa na kambi mbili katika jambo hili. Moja inasema nyota kubwa hujikusanyia riziki yake yote mapema, ndani ya rundo moja lililojifunga, kisha huporomoka na kuwaka. Nyingine inasema nyota kubwa huanza ndogo kama wenzake, ila imekaa pazuri, na ukubwa wake unatoka kwenye kulishwa kwa muda mrefu na gesi inayosafiri kutoka mbali. Ushahidi wa nyuzi umeiongezea nguvu kambi ya pili, ingawa kesi haijafungwa. Mimi ni msomaji tu wa kesi hiyo, lakini sifichi upande ninaoupendelea. Kama kambi ya pili ina haki, ukubwa wa nyota haukuwamo ndani yake tangu mwanzo. Ulikuwa umetawanyika kwenye baridi na giza, miaka mingi ya nuru kila upande, kabla haujawa wa mtu.

Anayetaka kuona kitovu cha namna hii kwa macho yake asisumbuke kutafuta darubini. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, kundinyota la Jabari hupita karibu juu ya utosi huko Ngara. Chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuna doa la ukungu. Hilo ni wingu linalozaa nyota, umbali wa kama miaka 1,350 ya nuru, nalo linakaa kwenye uzi mrefu wa gesi uliopindapinda. Katikati yake iko nyota yenye uzito wa Jua zaidi ya mara 30, na nyota hiyo inafanya jambo ambalo nyota kubwa zote hufanya zikishawaka: mwanga na upepo wake unalisambaratisha wingu lililoizaa. Sehemu ndogo tu ya gesi huishia kuwa nyota. Iliyobaki hufukuzwa na kurudi kutangatanga.

Ukubwa huo una gharama. Jua litaishi miaka kama bilioni 10. Nyota kubwa huishi miaka milioni kadhaa, au makumi machache ya mamilioni, kwa sababu inachoma mali yake kwa pupa. Inageuza haidrojeni kuwa heli, heli kuwa kaboni na oksijeni, na kuendelea ngazi kwa ngazi hadi silikoni, ambayo katika nyota kubwa kabisa huchomwa kwa muda wa kama siku moja tu. Baada ya silikoni kinachobaki kiinini ni chuma na ndugu zake, na chuma hakitoi nishati kikiunganishwa. Kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na sehemu kubwa ya nyota inarushwa nje. Tarehe 23 Februari 1987 mlipuko wa namna hii ulionekana katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu iliyo umbali wa kama miaka 160,000 ya nuru. Uling'aa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu, na mtu aliyesimama Ngara au Biharamulo miezi ile angeweza kuuona chini upande wa kusini, kama angejua pa kutazama. Mlipuko ule ulitengeneza nikeli inayozidi uzito wa dunia hii mara 20,000. Nikeli hiyo ilikuwa ya aina isiyodumu. Nusu yake hugeuka kobalti kwa siku sita, na nusu ya kobalti hiyo hugeuka chuma kwa siku 77 hivi. Mng'ao ulioonekana kwa miezi iliyofuata ulitoka hasa katika mageuzi hayo. Nikeli ya Kabanga ni ya aina nyingine, zile zinazodumu, zilizotoka pamoja na hiyo katika milipuko kama ule, na nyingine katika milipuko ya nyota ndogo zilizokwisha kuzeeka.

Ikawa imetawanyika tena, chembe moja hapa na nyingine mbali kabisa, ikaingia katika mawingu mengine, ikasokotwa katika nyuzi nyingine. Uzi mmojawapo ulitoa Jua. Dunia ilipoyeyuka katika ujana wake, nikeli nyingi ilizama kiinini pamoja na chuma, na huko iko hadi leo. Iliyobaki juu ilikuwa chache na imesambaa. Ndipo miaka bilioni 1.4 iliyopita ule uji wa moto ulipopanda kupitia nchi ambayo siku moja ingeitwa Ngara, ukapita katika miamba yenye salfa, ukainyonya. Salfa ikawa matone mazito ndani ya uji, na matone yakawa yanakusanya nikeli, shaba na kobalti kila yalipopita, kisha yakazama na kurundikana kwenye mikondo. Bila salfa hiyo Kabanga pangekuwa na nikeli kama ilivyo mahali pengi duniani: ipo, lakini haimfai mtu. Kwenye mbale yake kuna kama asilimia mbili za nikeli, na hiyo huhesabiwa kuwa neema kubwa.

Biharamulo ina hadithi yake, ya dhahabu, na nitaipita haraka. Dhahabu haitoki kwa urahisi hata katika mlipuko wa nyota kubwa. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa kama miaka milioni 130 ya nuru, na mwanga uliofuata ulionyesha dalili za elementi nzito zikizaliwa, za aina ya dhahabu. Nyota za nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa. Kwa hiyo dhahabu iliyochimbwa Tulawaka kuanzia 2005, mgodi ambao tangu 2013 uko mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa, pamoja na ile ambayo wachimbaji wadogo wanaitoa kwenye maduara na kupeleka karashani, huenda ilihitaji nyota kubwa mbili zife, mabaki yao yazungukane kwa muda mrefu, kisha yagongane. Baada ya safari yote hiyo inakutana na kijana mwenye beseni la zebaki asiye na glavu.

Basi iweje?

Jibu lililozoeleka linatoka kwa Carl Sagan, ambaye katika mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1980, Cosmos, aliwafundisha mamilioni kwamba miili yetu imeundwa kwa mata ya nyota. Elimu iliyokuwa nyuma ya maneno yake ilikuwa imara tangu 1957, Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walipochapisha makala kubwa inayoeleza jinsi elementi zinavyoundwa ndani ya nyota. Siku hizi utaisikia kwenye mahubiri, kwenye hotuba za mahafali, kwenye fulana: sisi ni vumbi la nyota. Husemwa kama nasaba, kama vile mtu aliyekata tamaa akishaambiwa ukoo wake ni wa juu atainuka na kujifuta vumbi.

Mimi nasaba hiyo siikubali kama jibu, na sababu yangu iko Rusumo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Benaco, mahali ambapo kabla ya hapo wengi hawakupasikia, pakawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Miezi ile ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, Kagera ilipitisha miili ya watu hadi Ziwa Viktoria. Chuma kilichokuwamo katika damu ya wale waliouawa kilitengenezwa ndani ya nyota. Chuma cha mapanga yaliyowaua kilitengenezwa ndani ya nyota, huenda zilezile. Kama asili ya nyota inatoa heshima, imeitoa kwa damu na kwa panga sawasawa, na heshima inayogawiwa hivyo haina kazi. Hatuwezi kuitumia kusema lipi lilikuwa baya. Mtu aliyeyaona yale maji hawezi kutulizwa kwa kuambiwa kwamba kila kilichopita ndani yake kilitoka mbinguni.

Jibu la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo pia limezoeleka. Linasema: tazama ukubwa huo, tazama hiyo miaka bilioni, hakuna aliyekusudia chochote, gesi iliteremka tu, kwa hiyo maisha hayana maana. Katika riwaya ya Kiswahili aliyelisukuma swali hili hadi ukingoni ni Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilohilo linalopokea maji ya Kagera. Kazimoto wake, katika Kichwamaji ya mwaka 1974, anamaliza kwa kujiua. Namheshimu Kezilahabi kwa kutolidanganya swali. Lakini wanaotumia nyota kufika pale alipofika Kazimoto wanafanya kosa lilelile la wale wa vumbi la nyota, wakitokea upande wa pili. Wote wanadhani maana ya kitu inakaa kwenye chanzo chake. Mmoja amekwenda chanzoni akakuta mwanga, akafurahi. Mwingine amekwenda akakuta hakuna mtu nyumbani, akalia.

Watu wa huku waliwahi kuishi vingine, na kwa ushahidi unaoweza kuchimbwa. Katuruka, karibu na Bukoba, tanuri za kuyeyusha chuma zilikuwa zikifanya kazi miaka kama 2,000 iliyopita. Uzinza, jirani kabisa na Biharamulo, walikuwako Warongo, wayeyushaji wa chuma ambao hawakuwa kabila la damu moja. Walikuwa chama cha kazi, watu wa koo mbalimbali waliounganishwa na tanuri. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyewachunguza mafundi wa nchi hii ya magharibi ya ziwa, ameeleza jinsi tanuri lilivyoshikwa kama tumbo la mwanamke na uyeyushaji kama uzazi, wenye miiko yake. Fundi hakulala na mkewe siku za kazi, kwa kuwa tanuri lilikuwa mke.

Fundi yule hakujua kwamba chuma ni mahali ambapo nyota kubwa huishiwa. Kwa habari ya chanzo alikuwa amekosea, au tuseme hakuwa na habari. Lakini usingeweza kumwambia kwamba chuma chake hakina maana. Alijua nani hukichota, nani huvukuta, jembe litakwenda kwa nani, na nini kitaharibika iwapo mtu mmoja atavunja mwiko. Sisi tunajua chanzo hadi sekunde ya kuporomoka kwa kiini, na bado tunauliza kitu hiki ni cha nini.

Simtamani fundi yule wala miiko yake; baadhi ya miiko hiyo iliwaweka wanawake mbali na kazi ambayo sura yake ilikuwa ni yao. Ninachochukua kwake ni mahali alipoitafuta maana. Aliitafuta pale vitu na watu vinapokutana, kazini.

Hapo ndipo nyuzi za gesi zinaponisaidia, kwa kunionyesha ni nini hasa hazina. Kitovu cha SDC335 kinapokea kila kinachokuja. Hakiwezi kukataa, hakiwezi kuuliza gesi imetoka upande gani, hakiwezi kugawa. Kinachofika kinaongezwa kwenye rundo, rundo linavuta zaidi, na mwenye nacho anaongezewa hadi apasuke. Hiyo ni kanuni ya uvutano, na haina ubaya wala wema. Rusumo ya 1994 nayo ilikuwa kitovu. Watu walimiminika kutoka vilima vingi kwenda daraja moja, na ukiitazama ramani ya mwendo wao kutoka juu sana utaona umbo lilelile la nyuzi na kitovu. Lakini darajani palisimama maofisa wa Tanzania walioamua kuuacha mpaka wazi. Mwisho wa Machi 1995 wengine waliamua kuufunga upande wa Burundi. Desemba 1996 serikali iliamua wakimbizi wa Rwanda warudi, na mlolongo ukavuka daraja lilelile kwa kurudi. Unaweza kuyasifu maamuzi hayo au kuyalaani, na watu wa Ngara wenye umri wa kukumbuka hufanya yote mawili. Huwezi kufanya hivyo kwa gesi. Hakuna anayeilaumu gesi.

Kwa hiyo nikiulizwa maana inaanzia wapi, nitasema inaanzia hapo: kwenye makutano ambapo amesimama mtu anayeweza kufanya vingine. Nyuma yake, hata ukirudi miaka bilioni 10, kuna habari nyingi za kweli na za kustaajabisha, nami ningependa kila mtu azijue. Ila hazimwamulii. Zimemfikishia nikeli mlangoni, zikanyamaza.

Na Kabanga sasa ni makutano ya namna hiyo. Akiba ile ilianza kuchunguzwa tangu miaka ya 1970, makampuni ya nje yakaja na kuondoka. Januari 2021 serikali ilisaini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, yenye hisa za serikali za asilimia 16, na Oktoba mwaka huohuo ikatolewa leseni maalumu ya uchimbaji. Mpango ni kuchimba Ngara na kusafisha madini Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, ili nikeli isisafirishwe ikiwa ghafi. Kaya zilizomo ndani ya eneo la mradi zinatakiwa kupisha kwa fidia. Wanunuzi wako mbali, wanataka nikeli kwa betri za magari ya umeme. Fedha itatoka pande nyingi na kukutana mahali pamoja, na fedha nayo ikiachwa peke yake hufuata kanuni ya kitovu: huenda palipo na fedha. Asilimia 16, masharti ya fidia, ajira za vijana wa kata jirani, mahali pa kujenga kiwanda, haya yote ni mambo ambayo watu wanayaamua mezani, na wangeweza kuyaamua vingine. Atakayeniambia kwamba soko ndivyo lilivyo nitamjibu kwamba hayo ni maneno ya gesi.

Ninalo ombi moja dogo, nalo ni kwa walimu wa fizikia wa sekondari za Ngara na Biharamulo. Elimu ya nyota imekuwa mada ya kidato cha nne kwa miaka mingi, na kwa kawaida hufundishwa mwishoni, mitihani imekaribia, kwa mchoro wa sayari ubaoni. Mara nyingine ombeni mgodini kipande cha mwamba uliochorongwa, kipitishwe mikononi mwa wanafunzi, na waelezwe kilikotoka kuanzia kwenye uzi wa gesi. Kisha kipindi kinachofuata kiwe cha uraia, kwa kipande hichohicho, na waulizwe kiende wapi. Mashimo ya utafiti yamekuwa yakichorongwa Kabanga kwa miongo mingi. Kipande kimoja kikiazimwa shuleni, nikeli haitapungua.